Shajara ya mradi: kukopi faili kwa nyumba, kutoka MB 4 hadi MB 112 kwa sekunde

Jumamosi, 3 Mei 2025

Wacha nianze kuandika hii kitu mapema kabla sijasahau nimegusa nini, maana mara ya mwisho nilitengeneza laptopu ikakubali, baada ya miezi miwili ikasumbua tena na sikukumbuka hata kitu kimoja nilifanya, nikaanza upya kama mgeni. Pia kuna wenzangu wawili wa kazi kila wiki wananiuliza mimi huweka wapi mafaili yote yale, sasa wafuate hapa.

Kazi yangu ni kupiga na kuediti video za harusi na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu). Harusi moja, kamera mbili na droni, inaniletea kama GB 180. Naziediti kwa desktopu ya Windows 10 iko chumbani, ile mashine ya mtumba kutoka Uingereza, halafu kazi ikiisha nazisukuma kwa laptopu nzee ya ThinkPad iko sebuleni chini ya TV, niliweka Ubuntu (mfumo wa bure badala ya Windows) na Samba (programu ya kushea mafaili kwa mtandao), imeshikanishwa na diski ya nje ya TB 4. Hiyo ndiyo stoo yangu. Rauta nayo iko hapo hapo kando ya TV.

Shida ni hii. Jana saa mbili usiku nilianza kukopi harusi ya GB 180, nikalala, nikaamka saa kumi na mbili asubuhi iko asilimia 80. Saa kumi nzima bana. Bwana harusi mwenyewe ameshafika honimuni Diani na mimi bado nakopi.

Kipimo cha kuanzia, ndio tukuwe na kitu cha kulinganisha: faili moja ya GB 10, kutoka desktopu hadi laptopu. MB 4 kwa sekunde, saa zingine inapanda 5, saa zingine inashuka 2. Dakika 42.

Kosa la kwanza nimelifanya leo leo. Binamu yangu aliniambia net yangu ni ndogo niongeze pakeji, na mimi bila kufikiria nikatoa simu nikalipa shilingi 1,200 zaidi ya ile ya kawaida. Nikapima tena. MB 4. Na ukikaa chini ufikirie inaonekana wazi kabisa, faili inatoka chumbani inaenda sebuleni, haitoki nje ya mlango, pakeji ya intaneti inaingilia wapi? Ni kama kungoja Thika Road ipanuliwe ndio utoke jikoni ufike sebuleni. 1,200 imeenda hivyo.

Jumapili, 4 Mei

Leo nimeangalia waifai. Rauta yangu ni ile ya zamani ya 2.4 GHz peke yake, na desktopu inatumia kale kaadapta kadogo ka USB. Hapa Roysambu, Nairobi, niko ghorofa ya nne, nikifungua orodha ya waifai naona majina 23, na wote tumebanana kwa 2.4 ambayo kusema kweli ina chaneli tatu tu zenye hazigongani, yaani 1, 6 na 11. Juu ya hiyo, mashine zangu zote mbili ziko kwa waifai, so kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili, kwanza desktopu kwenda rauta, halafu rauta kwenda laptopu, kwa chaneli ile ile. Nusu ya spidi imekufa kabla hata jirani hajawasha kitu.

Suluhisho ni waya. Nilikuwa na waya wa mita 15 hivi, ulibaki hapa wakati mpangaji wa zamani alihama, na vichwa vyake tayari. Nikaupitisha chini ya mlango, kando ya ukuta, hadi kwa rauta. Laptopu nikaiwekea kawaya kafupi.

MB 11.2 kwa sekunde. Imetulia tuli, haipandi haishuki, GB 10 dakika 15.

Nilifurahi kama dakika ishirini, nikaitia chai sukari ya ziada. Halafu nikapiga hesabu: GB 180 kwa 11.2 bado ni saa nne na nusu.

Jumatano, 7 Mei

Hapa ndio nilipoteza pesa kubwa. Nikajiambia rauta ni nzee, ninunue mpya. Nikashuka tao baada ya kazi, Luthuli kwa maduka ya elektroniki, na mvua hii ya Mei nikafika nimelowa hadi soksi. Nikamwambia jamaa wa duka nataka rauta ya gigabiti, ile ya megabiti 1000 kwa sekunde. Akanitolea moja, boksi imeandikwa 1200 kwa maandishi makubwa kama bango la siasa. "Boss, hii ni 1200, hiyo gigabiti yako ni 1000. Hii imepita." Nikaona ana pointi. 5,500, nikatuma kwa M-Pesa, huyo mimi kwa matatu.

Nyumbani nikaipanga, nikapima. MB 11.2. Si 11, si 12. 11.2 ile ile, kama imenakiliwa.

Sasa hiyo namba ndio ilinifanya nianze kufikiria badala ya kununua. Waifai ikiwa mbaya spidi huyumba. Hii haikuyumba hata kidogo, inaonekana imefungiwa mahali. Laini ya waya ya 100 hupitisha megabiti 100 kwa sekunde, faili tunapima kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. 100 gawa kwa 8 ni 12.5. Toa ile mizigo ya njiani ya pakiti na nini, inabaki 11 na kitu. Yaani hiyo 11.2 ilikuwa inaniambia tangu Jumapili kwamba mahali fulani laini iko kwa 100, na mimi nikaenda kununua rauta.

Nikageuza rauta mpya nikasoma nyuma na tochi ya simu. Poti zote nne: 10/100. Ile 1200 ni hesabu ya waifai tu, wamechukua 300 ya 2.4 GHz wakajumlisha na 867 ya 5 GHz wakapandisha kidogo ifike namba ya kupendeza. Waya haihusiki hapo kabisa. Nikampigia jamaa, akasema boksi ikishafunguliwa harudishi pesa. Sina nguvu ya kubishana, imekaa, angalau simu zinapata 5 GHz na mama watoto amenyamaza kuhusu sinema zake.

Ukienda kununua, usisome mbele ya boksi. Tafuta nyuma au kando pameandikwa 10/100/1000. Kama hiyo 1000 ya mwisho haipo kwa poti, si gigabiti.

Jumamosi, 10 Mei

Swichi ya gigabiti, poti 5, 2,300. Safari hii nimesoma boksi hadi ile karatasi ya ndani. Hii ndio dawa ya bei rahisi kwa mtu ako na rauta ya 10/100: rauta unaiacha ishughulike na intaneti, mashine zako zote unazichomeka kwa swichi, faili zinapita hapo bila kugusa rauta.

Nikachomeka. Nikapima. 11.2.

Nilikaa kwa sakafu hapo nikacheka peke yangu, mtoto akaniuliza baba unacheka nini.

Lakini swichi ina taa, na taa zilisema ukweli. Poti ya laptopu ilikuwa inawaka kijani, ya desktopu ilikuwa chungwa. Karatasi inasema kijani ni 1000, chungwa ni 10/100. Nikahakikisha pande zote mbili. Kwa laptopu ethtool, programu ya kuangalia laini, ikasema Speed: 1000Mb/s. Kwa Windows nikafungua setingi za mtandao, chini pale kwa spidi ya laini, 100/100. So shida iko kati ya swichi na desktopu, na hapo katikati kuna kitu kimoja tu.

Nikang'oa desktopu nzima, nikaibeba hadi sebuleni, nikaichomeka na kawaya ka mita moja. Taa kijani papo hapo.

Ni ule waya wa mpangaji.

Nikachukua kichwa chake nikakiinua kwa dirisha. Vile vichwa ni vya plastiki inayoonyesha ndani, ukiangalia vizuri unaona nyuzi zikifika kwa meno ya shaba. Nyuzi zinafaa kuwa nane. Mimi nilihesabu nne. Chungwa-nyeupe na chungwa ziko, kijani-nyeupe na kijani ziko, za buluu na za kahawia zimekatwa fupi na kurudishwa nyuma ndani ya ganda, fundi mwenye aliziweka aliona hazina kazi. Na kwa kweli kwa laini ya 100 hazina kazi, inatumia jozi mbili tu, pini (yale meno) 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka jozi zote nne. Mashine nyingi zikikutana na waya kama huo zinakubaliana kimya kimya kushuka hadi 100, hakuna kitu inalalamika, hakuna ujumbe, unabaki ukilaumu rauta.

Jumapili, 11 Mei

Leo ni vichwa vipya. Kuna jamaa wa CCTV ploti ya pili, akaniazima koleo ya kubana vichwa na testa, nikampatia soo ya soda. Vichwa vya RJ45 nilikuwa nimenunua kumi jana, 20 kila kimoja, 200. Nunua zaidi ya zile unahitaji, niliharibu vitano.

Jaribio la kwanza: nikamenya ule waya wa zamani, nyuzi mbili zikakatika mkononi kabla hata sijazinyoosha. Nikakwaruza moja na wembe, ndani ni nyeupe kama sufuria. Alumini iliyopakwa shaba juu. Sikutaka kuhangaika nayo, nikarudi kununua waya wa Cat6 wa shaba yenyewe, mita 20 kwa 70, 1,400. Kabla ya kulipa nilimwambia muuzaji akate kidogo nikwaruze, hakupenda lakini akakata.

Jaribio la pili ndio nataka usome polepole. Nikapanga rangi vile akili inasema: jozi ya chungwa, jozi ya kijani, jozi ya buluu, jozi ya kahawia, kila rangi na mwenzake. Pande zote mbili sawasawa. Testa ikawaka 1 hadi 8 bila kuruka. Nikasema tumemaliza. Nikachomeka, taa kijani sekunde tano, ikazima, ikarudi chungwa, ikazima, kijani tena. Nikabana upya, nikafikiri ni kichwa kibaya. Vile vile. Vichwa vinne vikaenda hapo, cha tano nilikiponda tu.

Nilipomrudishia koleo yule jamaa wa CCTV aliangalia mara moja akasema, "Kaka, umegawa jozi." Testa ya taa inaangalia tu kama pini ya 1 imefika kwa 1, ya 2 kwa 2, haijui ni nyuzi gani zimesokotwa pamoja. Na kazi yote iko kwa msokoto. Pini 3 na 6 ni jozi moja, so lazima ziwe nyuzi mbili zenye zimesokotana. Kwa mpango wangu pini 3 ilikuwa ya kijani-nyeupe na 6 ilikuwa ya buluu, watu hawajuani, kelele inaingia hapo kama maji kwa mabati yenye imetoboka.

Mpango sahihi, kutoka kushoto, ukishika kichwa ulimi ukiangalia chini: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Kijani imetenganishwa, buluu imekaa katikati yake. Inaonekana vibaya lakini ndio hivyo. Na usifungue msokoto zaidi ya sentimita moja hivi kabla ya kichwa, na ganda la waya liingie ndani libanwe na lile jino la plastiki la nyuma, lisiwe linaning'inia kwa nyuzi.

Nikabana tena na koleo ile ile, jamaa akinitazama. Kijani. Ikakaa kijani.

Jumanne, 13 Mei

Kwanza laini peke yake, bila diski. Programu ni iperf3, inarusha data kutoka kumbukumbu ya mashine moja hadi nyingine. Kwa laptopu unaandika iperf3 -s, kwa desktopu iperf3 -c halafu anwani ya IP ya laptopu. Megabiti 941 kwa sekunde. Hapo laini imefika mwisho wake, gigabiti haitoi zaidi ya hapo. Ningeipima hivi tarehe 4 singeona Luthuli.

Sasa faili ya GB 10. Ikaanza na MB 112, nikaita mama watoto aje aone, alipofika ilikuwa 38.

Sekunde za mwanzo usiziamini. Laptopu ina RAM ya GB 8, faili inamiminika huko kwanza kwa spidi ya laini, nafasi yake hapo ikijaa ndio unaona spidi ya ukweli ya diski. Na 38 nayo ni namba yenye jina: USB 2 imeandikwa megabiti 480 lakini kwa kazi hutoa kama MB 35 hadi 40. Nikaandika lsusb -t, diski imeandikwa 480M. Nilikuwa nimechomeka kwa poti nyeusi. Poti ya buluu, yaani USB 3, iko upande wa pili, imefichwa na ukuta wa kabati. Nikageuza laptopu, nikachomeka buluu, lsusb ikasema 5000M.

Bei ya hiyo marekebisho: sifuri. Hiyo diski imekaa kwa poti mbaya karibu mwaka mzima.

Spidi sasa ni MB 60 na kitu. Bado si 112.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeacha kukopi kukiendelea, nikafungua top kwa laptopu, inaonyesha ni programu gani inakula prosesa. Mount.ntfs iko juu kabisa, inakula prosesa moja yote. Diski nilikuwa nimeiacha na mfumo wa NTFS kutoka enzi za Windows, na Ubuntu yangu inaisoma kwa ntfs-3g, yenye inafanya kazi sawa lakini kwa prosesa nzee inachoka haraka. Dawa ni kuformati iwe ext4, mfumo wa Ubuntu wenyewe, na diski ina TB 2.6 za kazi za watu.

Nikaazima diski kwa mwenzangu, nikaanza kuhamisha na rsync, programu ya kukopi, saa moja jioni. Saa sita usiku hivi stima ikapotea. Laptopu ina betri ilibaki hai, lakini diski zote mbili zinategemea adapta ya ukuta zikazima katikati ya kuandika. Stima ikarudi saa nane, nikaanzisha rsync tena ikaendelea, asubuhi ikasema imemaliza, kila kitu sawa.

Sikuiamini. Rsync kawaida huangalia ukubwa wa faili na saa ya mwisho ilibadilishwa, haisomi ndani. Nikairudia na --checksum, ikakaa karibu siku nzima ikisoma kila kitu, ikatoa faili mbili zenye zinatofautiana na za asili, moja ni hotuba ya baba ya bibi harusi. Ukubwa sawa kabisa, ndani zimeoza. Ya asili ilikuwa bado iko kwa NTFS kwa sababu sikuwa nimeformati. Ningeformati asubuhi hiyo ningekuwa naandika kitu kingine hapa, labda barua ya kuomba msamaha.

Ikazikopi upya, nikaangalia tena, sawa. Ndio nikaformati.

Jumapili, 18 Mei

Kurudisha TB 2.6, kazi ya kungoja tu. Ext4 tayari, Samba nimeelekeza kwa folda mpya, hakuna hadithi.

GB 10: sekunde 91. MB 110, saa zingine 112, na haishuki katikati.

Kitu kimoja tu kilinishtua, folda ya picha ndogo ndogo elfu 14, spidi ikaanguka hadi MB 6. Hiyo si waya wala diski, ni kwamba kila faili inafunguliwa, inaandikwa, inafungwa, na mashine mbili zinasalimiana kila mara, ile salamu inachukua muda kuliko mzigo. Robocopy, programu ya kukopi ya Windows, na /MT:16 inabeba nyingi kwa pamoja, ikapanda hadi 30 na kitu. Za zamani zenye sizigusi nazifunga kwa zip moja ndio nisukume.

Jumapili, 1 Juni

Madaraka, niko nyumbani. Harusi ya jana, GB 178, dakika 27.

Pesa: pakeji 1,200, rauta 5,500, swichi 2,300, waya 1,400, vichwa 200, soda 100. Jumla 10,700, bila nauli. Zenye zilihitajika kweli ni 4,000. Pakeji nimeirudisha chini mwezi huu.

Bado kuna waya kupita chini ya mlango. Mtoto ameupiga teke mara mbili, mlango wa chumba haufungi vizuri, na mama watoto amesema hiyo ni yangu kutatua kabla ya wageni wa mwezi wa saba. Nimeuliza keateka, mwangalizi wa ploti, kama naweza kutoboa ukuta, amesema aulize mwenye nyumba. Hajarudi na jibu. Nimenunua vibanio vya waya vya 150 kwa sasa, akikataa nitaupandisha juu ya fremu ya mlango, na hapo itabidi mita zingine tatu na vichwa viwili vipya.